Nyumba hii haiuzishwi: historia ya kibao cha mbao katika miji ya Kongo

Goma, Bukavu, Bunia, Kalemie hadi Lubumbashi, kuna maneno ambayo kila mpita njia anayafahamu. Yameandikwa kwa rangi nyeusi au nyekundu, mara kwenye ukuta, mara kwenye kibao cha mbao kilichopigiliwa juu ya mlango: "Nyumba hii haiuzishwi". Wengine huandika kwa Kifaransa, "Parcelle non à vendre", na wengine huweka lugha zote mbili ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa.

Mgeni anayefika mara ya kwanza hushangaa. Kwingine mtu huweka kibao anapotaka kuuza, sasa hawa mbona wanatangaza kwamba hawauzi? Mkaaji wa hapa hashangai. Anajua kibao kile kinasema na watu watatu kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni mnunuzi, anayeambiwa asitoe pesa zake. Wa pili ni komisioneri anayezunguka mitaani akitafuta wateja. Wa tatu, na huyu ndiye mwenyewe hasa, ni ndugu wa familia ambaye baba akishafariki anaweza kuichukua nyumba na kuitia sokoni bila kuwauliza wengine.

Hata neno lenyewe lina historia. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, kuuza ni kutoa kitu na kupokea pesa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi na cha Kivu, watu wengi husema kuuza wakimaanisha kununua, na anayetoa kitu husemwa anauzisha. Ndiyo maana kibao cha kwetu kinasema "haiuzishwi". Mtu akiandika "haiuzwi" atakuwa sawa mbele ya mwalimu, lakini barabarani anaweza kumwachia komisioneri nafasi ya kubishana.

Ardhi isiyo na alama

Habari ya kuweka alama kwenye kiwanja ilianza zamani. Tarehe 1 mwezi wa saba 1885, utawala mpya wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulitoa amri kwamba ardhi tupu ni mali ya Serikali, na kwamba hakuna mwenye haki ya kukaa humo bila hati. Kwa wenyeji, ardhi ile haikuwa tupu. Kulikuwa na mashamba yaliyopumzishwa, makaburi ya wazee, misitu ya kuwinda na mito ya kuvua samaki, na mipaka ilijulikana kwa miti, mawe, vijito na kwa midomo ya wazee. Lakini hakuna kilichoandikwa, na kisichoandikwa kilihesabiwa kuwa hakina mwenyewe.

Watu walijifunza hapo jambo ambalo halijasahaulika hadi leo: katika utawala wa karatasi, anayenyamaza huhesabiwa hayupo. Vituo vya Serikali, kambi za kampuni na misioni zilikuwa na maandishi mbele ya majengo. Mtaa wa Waafrika mara nyingi ulikuwa na namba tu.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, maandishi ya Serikali yalitumia lugha mbili za Ubelgiji, Kifaransa na Kiholanzi, kama ilivyokuwa kwenye noti na stempu za wakati ule. Mji uliojengwa mwaka 1910 kusini mwa nchi uliitwa Elisabethville kwa Kifaransa na Elisabethstad kwa Kiholanzi. Bukavu ulikuwa Costermansville na Costermansstad. Kiswahili, lugha iliyosemwa sokoni, migodini na kanisani, hakikupewa nafasi kubwa kwenye vibao hivyo.

Waliokata na kuranda mbao za kazi hizo walikuwa mafundi Waafrika. Useremala wa randa, msumeno na kipima pembe ulienea kwa sehemu kubwa kupitia misioni na shule za ufundi. Mpala, kwenye pwani ya ziwa Tanganyika, Wamisionari wa Afrika walipokea kituo mwaka 1885, wakajenga kanisa, nyumba na karakana. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville mwaka 1911 na kuanzisha shule ambako vijana walifundishwa kazi za mikono. Fundi aliyejifunza kutengeneza benchi la kanisa au dirisha la ofisi alirudi nyumbani jioni na ujuzi wake kichwani. Akipata kipande cha mbao kilichobaki, aliweza kujitengenezea kitu chake.

Majina yanabadilika, mbao zinabaki

Uhuru ulipatikana tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Baadaye nchi iliingia katika kipindi ambacho mwandishi wa vibao hakukosa kazi. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville ikawa Kalemie, Jadotville ikawa Likasi. Mwaka 1969 Parc Albert, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, ilipewa jina la Virunga. Tarehe 27 mwezi wa kumi 1971 nchi yenyewe iliitwa Zaire, pamoja na mto. Katanga ikawa Shaba. Mwaka 1972 raia waliambiwa waache majina ya kikristo na kuchukua ya kiafrika. Ziwa Albert liliitwa Mobutu Sese Seko, na ziwa Edouard likapewa jina la Idi Amin.

Kisha, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa raia wa Zaire. Duka lililokuwa na jina la Mgiriki, Mreno au Mbelgiji lilipata bwana mpya, na bwana mpya alitaka jina lake lionekane. Miaka michache baadaye Serikali ilirudi nyuma na kuwaita baadhi ya wenye mali wa zamani. Vibao vikapakwa rangi tena.

Tarehe 17 mwezi wa tano 1997 majeshi ya AFDL yaliingia Kinshasa, Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Shaba ikarudi kuwa Katanga. Mwaka 2015 majimbo 11 yaligawanywa kuwa 26, na Katanga ile ile ikatoa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa mara nyingine, ofisi zikahitaji vibao vipya.

Mtu aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1955 na kukaa nyumba moja maisha yake yote amebadilishiwa jina la mji, la jimbo, la nchi, na pengine hata lake mwenyewe. Basi haishangazi kwamba watu wengi walikuja kuamini zaidi kibao walichokitengeneza wenyewe kuliko kile kilicholetwa na Serikali.

Kutoka kibaoni hadi ukutani mwa makumbusho

Kazi ya kuandika vibao ilizaa pia wasanii wanaojulikana duniani. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956 huko Bas-Congo, alifika Kinshasa mwaka 1972 na kujifunza kazi kwa wachoraji wa vibao vya maduka. Mwaka 1975 alifungua karakana yake. Alichukua alichojifunza kibaoni, yaani herufi zinazosomeka kwa mbali na rangi zinazomsimamisha mpita njia, akaviingiza kwenye picha. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre.

Huko Shaba, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Katika miaka ya 1973 na 1974 alitengeneza picha zipatazo mia moja kwa ajili ya mtafiti Johannes Fabian, na maelezo aliyatoa kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Alijiita mwanahistoria. Picha zake zina maandishi juu yake, tarehe, majina na mahali, kama kibao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika.

Katika miaka ile, nyumba nyingi za wafanyakazi wa migodi na reli zilikuwa na picha sebuleni: mamba muntu, mwanamke wa majini anayeleta utajiri kwa masharti, au Colonie belge, mfungwa anayechapwa fimbo mbele ya askari. Sebule ya mtu wa kawaida ilikuwa mahali pa kutunza kumbukumbu. Kibao cha nje kilisema nyumba ni ya nani, na picha ya ndani ilisema wenyewe wametoka wapi.

Goma, mji wa mbao juu ya mawe

Katika mji wa Goma, mbao zina maana ya pekee. Mji umekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Kuchimba msingi ni kazi ngumu na ya gharama, kwa hiyo familia nyingi hujenga nyumba za planshi. Nyumba ya mbao ni nyepesi, hujengwa haraka, na mtu akihama anaweza kuibomoa na kuibeba mbao kwa mbao, mara nyingi juu ya chukudu.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilitoa moto uliopita katikati ya mji hadi ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila makao. Moto ulipopoa, tatizo la pili lilionekana: kiwanja kilikuwa chini ya mawe. Ua, miti na alama za mpaka vilikuwa vimefunikwa. Watu walirudi na kujenga tena juu ya mawe yale yale, na kwanza kwa mbao. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulilipuka tena, na safari hii vijiji na mitaa ya wilaya ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji, ndiyo iliyoumia zaidi.

Ongeza vita vya 1996 na 1998 na vilivyofuata, ambavyo viliwatoa watu nyumbani mara nyingi. Mtu anapokimbia, nyumba hubaki na jirani, na mpangaji, au na mtu asiyejulikana. Katika hali hiyo kibao kinachosema nyumba haiuzishwi huwa mlinzi wa bei ndogo.

Kuhusu mbao zenyewe, nyingi za kazi ndogo hutoka kwa mikaratusi iliyopandwa Masisi, Rutshuru na Lubero. Tangu mwaka 2007, mpango wa EcoMakala umesaidia wakulima karibu na mbuga ya Virunga kupanda miti yao wenyewe ya makaa na mbao, ili msitu wa mbuga upumue. Mbao ngumu za msitu hutoka mbali zaidi, upande wa Walikale na Ituri, na bei yake si ya kila mtu.

Namna kinavyotengenezwa nyumbani

Kibao cha nyumbani hakihitaji karakana. Kinahitaji msumeno, nyundo, misumari midogo, msasa, rangi kidogo na uvumilivu.

Fundi mzoefu huanza kwa kuchagua mbao kavu. Mkaratusi mbichi hujikunja na kupasuka ukikauka, na kibao kilichonyooka Jumatatu kitakuwa kama mtumbwi baada ya mwezi. Ndiyo maana planshi kuukuu ya nyumba iliyobomolewa, au ya palete ya mizigo, ni bora kuliko mpya: imeshamaliza kujikunja. Kwanza misumari ya zamani yote hutolewa, kwa sababu mmoja ukibaki utaharibu meno ya msumeno.

Kwa kibao cha kawaida, planshi tatu za urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 10 hulazwa ubavu kwa ubavu. Nyuma yake hupigiliwa vipande viwili vya kuzishika pamoja. Hapo kuna uso wa sentimita 60 kwa 30.

Fremu hufuata. Njia rahisi ni vipande vyenye upana wa sentimita 4: viwili vya urefu wa sentimita 60 kwa juu na chini, na viwili vya sentimita 22 kwa pembeni, vikiingia katikati ya vile virefu. Mwenye mkono mzuri hukata kona kwa mshazari ili zikutane kama fremu ya picha. Kabla ya kukaza misumari, fremu hupimwa kutoka kona hadi kona, kwa mshazari, mara mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, husukumwa kidogo hadi vilingane. Msumari ukielekea kupasua mbao, ncha yake hupigwa kidogo kwa nyundo iwe butu, kisha hupigiliwa.

Msasa hupitishwa kufuata mishipa ya mbao, si kuikata. Wengine hawapendi uso laini sana. Huacha alama za msumeno na matundu ya misumari ya zamani, kwa sababu ndiyo uzuri wa kibao cha nyumbani. Rangi hupakwa mara mbili, ya kwanza ikiwa imekauka kabisa. Migongo na ncha za mbao hazisahauliwi, maana maji ya mvua huingilia huko. Wengine hupaka mafuta ya moteri yaliyotumika upande wa nyuma ili kuzuia mchwa. Hiyo hufaa kwa kibao cha nje tu, si cha ndani ya nyumba wala cha mahali ambapo watoto wanashika.

Ndani ya fremu hubaki nafasi ya sentimita 52 kwa 22. Mistari huchorwa kwa penseli na rula kwanza. NYUMBA HII na HAIUZISHWI zina nafasi kumi kila moja, ukihesabu pengo la mstari wa kwanza. Kwa hiyo herufi ya upana wa sentimita 4 na pengo la sentimita 1 hutosha mistari yote miwili. Wanaoharibu kibao mara nyingi ni wale wanaoanza na rangi bila kuhesabu, na herufi za mwisho zinabanwa kwenye kona kama abiria wa teksi.

Kile ambacho kibao hakiwezi

Hapa ndipo historia inamgusa kila mwenye nyumba. Kibao ni onyo, si haki. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na mtu binafsi hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili, certificat d'enregistrement, inayotolewa na msimamizi wa hati za ardhi. Hati hiyo ikishapita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana kuigusa. Mtu mwingine akiipata kwa kiwanja chako na wewe ukanyamaza miaka hiyo yote, kibao chako cha mbao hakitakuokoa mahakamani.

Kuhusu mirathi, Sheria ya familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, imewaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza, na sehemu yao ni robo tatu ya mali. Mjane naye hakuachwa: ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mumewe. Kaka wa marehemu anayekuja na komisioneri wiki moja baada ya matanga hana ruhusa ya kuuzisha peke yake. Lakini wajane wengi hawajui hivyo, na karatasi za nyumba mara nyingi ziko kwenye sanduku ambalo ni marehemu tu aliyekuwa na ufunguo wake.

Kwa hiyo, familia inayopiga msumari wa mwisho kwenye kibao chake ingefaa ifanye na mambo mengine matatu siku ile ile. Itafute karatasi zote za nyumba na kuzipiga kopi. Iwaite watoto wakubwa na mama wa nyumba wajue zinawekwa wapi. Iende kwenye ofisi ya ardhi kuuliza kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, kwa sababu huko ndiko komisioneri mwerevu huanzia. Kibao kitamzuia mnunuzi mwaminifu asidanganywe, lakini asiye mwaminifu atazuiwa na hati peke yake.